Bajeti ya mawasiliano ya ofisi ya meneja: anza na kazi ambayo sheria inakudai

Swali nimelipata kutoka kwa dada mmoja anayeishi Kasarani na kufanya kazi kwenye ofisi ya meneja wa manispaa moja jirani na Nairobi. Anasema hivi kwa kifupi: mwaka uliopita aliandikiwa milioni 2 za mawasiliano, kufika Februari saplimentari, yaani bajeti ya marekebisho ya katikati ya mwaka, ikanyofoa zaidi ya nusu, na hata ile iliyobaki hakuiona maana Juni iliisha bili zake bado ziko mezani kwa mhasibu. Sasa meneja amemwambia aandae bajeti ya mwaka ujao, na ndani yake aweke kamera mpya na skrini kubwa ya nje. Anauliza, nianzie wapi, na nitaiteteaje mbele ya bodi na mbele ya MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti?

Dadangu, wacha nianze na kile kilichokuumiza, manake usipokielewa utaumia tena. Hukukatwa kwa sababu watu wanachukia mawasiliano. Ulikatwa kwa sababu pesa yako ilikuwa mstari mmoja tu umeandikwa matangazo na uchapishaji, milioni 2, basi. Mtu wa hazina ya kaunti akitafuta pa kupunguza anaangalia mstari ambao hauna mwenyewe, hauna idadi, na ukiondoka hakuna anayeshtakiwa. Mshahara hawezi kugusa ovyo, deni la mkandarasi lina kelele, mafuta ya lori la taka yakikatwa mtaa unanuka ndani ya wiki moja. Matangazo je? Nani atalia? Kwa hivyo kazi yako mwaka huu si kuomba pesa zaidi, ni kuifanya kila shilingi iwe imeshikamana na kazi ambayo lazima ifanyike, ili anayekata ajue anakata nini.

Kabla ya hesabu, elewa meneja wako anasimama wapi, kwa sababu watu wengi wanasoma mambo ya mameneja wa majiji ya Marekani halafu wanafikiri hapa ni vile vile. Kule mtindo huu ulianza mji wa Staunton, Virginia, mwaka 1908, na kwa kawaida meneja mwenyewe ndiye anaandaa bajeti ya mji na kuipeleka kwa baraza la mji lipitishe. Hapa kwetu meneja ameundwa na Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, iliyorekebishwa 2019, anaajiriwa kwa ushindani kupitia bodi ya utumishi ya kaunti, anafanya kazi chini ya bodi ya manispaa au ya jiji, na makadirio yake yanapitia serikali ya kaunti mpaka bunge la kaunti ndiyo yawe pesa. Na hapa Nairobi penyewe mambo ni tofauti tena, manake Nairobi ni kaunti na jiji kwa wakati mmoja, City Hall ndiyo serikali ya kaunti, kwa hivyo usichukue bajeti ya City Hall uinakili ukifikiri inakufaa. Jiji la Kisumu lenye bodi na meneja wake liko karibu zaidi na hali yako.

Maana yake kwako ni hii: una milango mitatu ya kupita, bodi, hazina ya kaunti, na bunge la kaunti, na kila mlango una lugha yake. Bodi inataka kujua wakazi watasema nini. Hazina inataka nambari sahihi ya matumizi na idadi. MCA anataka kujua wadi yake itapata nini. Bajeti ile ile, lakini lazima ijibu wote watatu.

Sasa kalenda, na hapa ndipo wengi wanachelewa bila kujua. Mwaka wa fedha ni 1 Julai hadi 30 Juni. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, waraka wa bajeti wa kaunti unatoka kabla ya 30 Agosti, mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bungeni kabla ya 1 Septemba, tathmini ya bajeti inaandaliwa kabla ya 30 Septemba, taarifa ya sera ya fedha kabla ya 28 Februari, na makadirio yenyewe kabla ya 30 Aprili. Ukisubiri Aprili ndiyo uandike mahitaji yako umeshachelewa, dari za kila idara, yaani kiwango cha juu cha pesa zake, zilishawekwa kwenye ile taarifa ya Februari na wewe unagombania makombo. Kazi yako lazima ionekane kwenye mpango wa Septemba, hata kama ni sentensi mbili, kwamba manispaa itafanya vikao kadhaa vya wakazi na itatoa taarifa za huduma kwa njia hizi na hizi. Kisicho kwenye mpango ni rahisi sana kufutwa.

Tuje kwenye kazi zenyewe. Chukua karatasi tupu, usifungue Excel kwanza, andika kila kitu ambacho sheria inaidai ofisi yenu kuwaambia watu au kuwauliza watu. Utashangaa ni mengi. Katiba kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari, cha 201 kinasema mambo ya fedha za umma yawe wazi na watu washirikishwe. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakupa siku 21 kujibu ombi la habari, na kama ombi linahusu uhai au uhuru wa mtu ni saa 48, na tena inataka utoe habari nyingine bila kuombwa, na uzitoe kwa njia na lugha ambayo watu wa pale wanaielewa na wenye ulemavu wanaifikia. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ina sehemu nzima ya mawasiliano, inataja televisheni, redio za jamii, tovuti, mikutano ya hadhara. Sheria ya miji nayo, kifungu cha 22, inawapa wakazi vikao vya kujadili huduma na makadirio ya bajeti. Yote hayo ni kazi. Kila moja inahitaji mtu, karatasi, usafiri, sauti, maji ya kunywa, mkalimani. Hiyo ndiyo bajeti yako, na si hisani ya mtu.

Hapa wacha nikae kidogo kwa sababu ndipo nguvu yako iko. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Kiambu, si mbali. Jaji alisema haitoshi kurusha ujumbe mtandaoni ukawaachia wenye kujali wautafute wenyewe, serikali inatakiwa iende ilipo watu, makanisani, misikitini, mahekaluni, kwenye mabaraza, redio za kitaifa na za lugha za mama. Soma hiyo hukumu yote, si ndefu ya kukushinda. Sasa fikiria kaunti inayopoteza sheria nzima ya ada na leseni ya mwaka mmoja, ule mwaka mkusanyaji ushuru ana shida gani, halafu linganisha na gharama ya matangazo ya redio ya wiki moja. Ukiwa mbele ya bodi usiseme tunaomba pesa za redio, sema hii ni gharama ya kuhakikisha ada zetu hazifutwi kortini. Ni kweli tupu na kila mjumbe wa bodi anaielewa.

Baada ya kazi za sheria andika kazi za huduma. Lori la taka linapita siku gani, soko linafungwa lini kwa usafi, barabara ipi inachimbwa, mtu akiona bomba limepasuka apigie nani. Hii ya mwisho watu wanaidharau lakini mimi naiona ya kwanza kwa umuhimu. Nairobi yenyewe mtu wa kawaida hajui barabara ipi ni ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, ipi ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini, na ipi ya kaunti, maji ni kampuni nyingine, stima ni Kenya Power, na hasira yote inamwagwa kwa kaunti. Manispaa yenu iko hivyo hivyo. Karatasi moja ya nani anafanya nini, yenye nambari za simu, imebandikwa sokoni, stejini, kwa chifu na kwa zahanati, inakupunguzia malalamiko kuliko video ya dakika tatu yenye ndege isiyo na rubani.

Na ndani ya hizo kazi za huduma kuna zile zinazoleta pesa. Leseni za biashara, kodi ya ardhi, yaani land rates, ambazo kwa kaunti nyingi mwisho wake ni 31 Machi bila faini, ada za soko. Ukiweka ujumbe wa SMS na redio kati ya Januari na Machi, andika pembeni kwamba hii ni sehemu ya mpango wa mapato, halafu ukae na watu wa mapato wakupe makusanyo ya wiki kabla ya ujumbe na wiki baada ya ujumbe. Usidai kwamba SMS pekee ndiyo imeleta pesa, hapana, wewe weka tu hizo tarakimu mbili pamoja kila mwaka, na baada ya miaka miwili utakuwa na kitu ambacho hakuna idara nyingine ya mawasiliano inacho. Nambari za simu lakini zipate kihalali, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haitaki uchukue daftari la mahudhurio ya mkutano wa maji ukawatumie watu matangazo ya leseni, weka kisanduku kwenye fomu mtu akubali mwenyewe, na kama ofisi haijajisajili kwa Kamishna wa Data hiyo ada nayo iingie kwenye bajeti.

Kundi la tatu ni dharura. Mvua za Aprili na Mei 2024 sote tunazikumbuka, Mathare na Mukuru watu walikufa na kupoteza nyumba. Kwenye hali kama hiyo mtu anahitaji kujua ahamie wapi, sasa hivi, kwa lugha anayoielewa, na huwezi kuanza kuomba kotesheni tatu maji yakiwa magotini. Kwa hivyo mkataba wa SMS na wa redio uwe umeshasainiwa mapema kama mkataba wa mwaka wenye bei zilizokubaliwa, unaita huduma unapohitaji. Kiasi cha pesa kinaweza kuwa kidogo. Cha maana ni karatasi ziwe tayari.

Haya, sasa nambari za matumizi, na tafadhali soma hapa polepole kwa sababu kuna mtego ambao unawanasa wengi wapya. Kwenye chati ya hesabu ya serikali kuna 2210200 inayosomeka kama mawasiliano. Hiyo si yako. Hiyo ni simu, intaneti, posta. Nimeona maafisa wameandika kampeni zao pale kisha ukifika wakati wa kulipa bango mhasibu anasema haiwezekani, hii voti, yaani mstari huu wa bajeti, ni ya airtime. Yako kubwa ni 2210500, uchapishaji, matangazo na vifaa vya habari, na ndani yake kuna 2210502 ya uchapishaji na 2210504 ya matangazo na kampeni za uhamasishaji. Vikao vya wakazi vina gharama zinazoangukia 2210800 upande wa ukarimu na makongamano, usafiri na marupurupu ya kulala nje ni 2210300, mafunzo 2210700, mafuta 2211200, na mtaalamu wa kukodi kama mkalimani au mchoraji anaweza kuangukia huduma za kitaalamu ndani ya 2211300. Keti na mhasibu wako nusu siku mpitie mmoja mmoja, usikisie. Faida ya kugawanya hivi ni mbili, kwanza unaweza kulipa, pili mkasi ukija haupiti kila kitu kwa mkato mmoja.

Ila kugawanya kuna hatari yake pia, pesa zikitawanyika kwenye voti sita mkuu wa utawala anaweza kula mafuta yako na chai yako bila wewe kujua. Kwa hivyo omba mawasiliano na ushirikishwaji viwe programu ndogo ndani ya bajeti ya meneja, yenye lengo lake na viashiria vyake. Bajeti zetu za kaunti zinaandikwa kwa programu, si jambo geni. Sheria inamruhusu afisa mhasibu kuhamisha pesa kati ya programu lakini kwa kikomo cha asilimia 10, na hawezi kuchukua pesa ya mshahara akaipeleka kwingine. Ukiwa na programu ndogo unaonekana, na anayehamisha lazima aandike.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Bei hizi ni za mfano tu, weka zako baada ya kuuliza wauzaji na kuangalia mlilipa ngapi mwaka uliopita. Tuseme manispaa yenu ina wadi 5, na mnafanya duru tatu za vikao, moja ya mpango wa maendeleo, moja ya makadirio, moja ya kurudisha ripoti kwa wakazi. Hivyo ni vikao 15. Kikao kimoja: hema na viti 25,000, spika na jenereta 12,000, notisi na nakala za muhtasari 6,000, mkalimani wa lugha ya ishara 6,000, maji 5,000, usafiri 6,000. Jumla 60,000, mara 15 inakuwa 900,000. SMS, watu 40,000 waliokubali, jumbe 6 kwa mwaka, senti 80 kila moja, ni 192,000. Redio ya jamii, matangazo 8 kwa siku, siku 5, kabla ya kila duru, yaani matangazo 120, tuseme 2,500 kila moja, ni 300,000. Karatasi ya robo mwaka inayosema pesa ziliingia ngapi na zimefanya nini, nakala 5,000 mara nne kwa bob 8, ni 160,000. Ukijumlisha unapata 1,552,000. Ni chini ya milioni 2 yako ya mwaka jana, lakini hii ina meno, kwa sababu ukiulizwa kwa nini 900,000 unajibu wadi tano, mara tatu, na hema ni bei hii.

Umeona mkalimani nimemweka ndani ya kikao na si pembeni? Fanya hivyo. Ukimwandika mstari wake peke yake atakatwa wa kwanza, na viziwi wa manispaa yenu watakaa tena kwenye kikao wakitazama midomo. Katiba imeitaja lugha ya ishara ya Kenya, si wewe umeibuni.

Kisha, hii ni muhimu mno, andaa jibu la kukatwa kabla hujakatwa. Huwezi kusema haitatokea. Mwaka 2024/25 mgao wa kaunti zote ulipangwa bilioni 400, baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa ukashuka na mwishowe ukatulia kwenye bilioni 387.4, na kila kaunti ikarudi kwenye karatasi kupunguza. Nairobi nayo makusanyo yake ya ndani yamekuwa yakibaki nyuma ya lengo mwaka baada ya mwaka, na lengo lisipofikiwa pesa iliyoandikwa inabaki kuwa wino. Kwa hivyo chini ya bajeti yako andika ukurasa mmoja: tukikatwa asilimia 30, ambayo ni kama 466,000, duru ya kurudisha ripoti haitafanyika, 300,000, na karatasi ya robo mwaka haitachapishwa, 160,000, na 6,000 zinazobaki zinatoka kwenye redio ya duru hiyo, na matokeo yake wakazi hawatajua miradi waliyoichagua ilifika wapi. Usiseme tutapunguza kidogo kidogo kila mahali. Ukipunguza kila kitu kidogo unabaki na vikao visivyo na spika na redio ya siku moja ambayo haijasikika na mtu, pesa imetumika na kazi haikufanyika. Kata kazi nzima, utaje jina lake, na umwachie anayekata aitie sahihi yake.

Mtu atakuambia mbona usikate vikao vya makadirio ndiyo upate pesa haraka. Vile vya sheria usiviguse, hata ukibaki navyo peke yake. Virudishe kwa hema ndogo, viti vya shule, ukumbi wa kanisa uliopewa bure, lakini viwepo.

Pesa kuandikwa na pesa kufika ni vitu viwili, na wewe ulishaonja. Julai mpaka karibu Septemba kaunti nyingi ziko kavu, hazina ya taifa haijaachilia, maombi yanapitia kwa Msimamizi wa Bajeti, na zikifika mishahara inatangulia. Kwa hiyo usipange kikao cha pesa Agosti. Lakini mpango wa maendeleo unatakiwa 1 Septemba, sasa utafanyaje? Fanya vikao vya mpango mwanzo wa Mei kwa pesa za mwaka unaoisha, uandike maoni, uyatumie Agosti. Kazi nyingine nzito za kulipia ziweke kati ya Oktoba na Aprili. Rikwizisheni ya mwisho, yaani ombi la ununuzi, iwe imeingia mwezi wa nne, LSO, ile hati ya kuagiza huduma, imetoka, huduma imetolewa na ankara imepokelewa kabla Mei haijaisha, manake Juni kila idara inakimbilia IFMIS, mfumo wa serikali wa malipo, na wewe si wa kwanza kwenye foleni. Pesa isiyotumika inarudi kwenye mfuko wa mapato wa kaunti, na kazi iliyofanywa bila kulipwa inakuwa deni.

Hilo la deni naliongea kwa uchungu. Madeni ya Nairobi ambayo hayajalipwa yamewahi kupita bilioni 80, na ukisikia hiyo tarakimu unafikiria makampuni makubwa, lakini ndani yake kuna watu wadogo pia, na wa mawasiliano ndio wadogo kabisa: kijana mwenye mashine moja ya kuchapisha mabango Gikomba au River Road, kikundi cha akina mama wa hema na chai, redio ya mtaa inayoendeshwa na vijana wa kujitolea. Sheria imetenga asilimia 30 ya ununuzi kwa vijana, wanawake na wenye ulemavu, vizuri sana, lakini ukimpa kijana kazi ya 150,000 ukamlipa baada ya miaka miwili umemfilisi kwa jina la kumsaidia. Usitoe kazi yoyote, hata ya bango moja, kabla hujaona kwenye daftari la voti kwamba pesa ipo na imeshikwa kwa hiyo kazi. Meneja akikuambia anza tu tutalipa, mwombe kwa heshima aandike.

Angalia pia pesa ambazo haziko kwenye mstari wako. Sheria inataka kaunti itumie angalau asilimia 30 kwa maendeleo, na mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato, halafu madeni na mikataba inakula, kwa hiyo matumizi ya kawaida ndiyo yanabanwa zaidi, na wewe uko humo. Lakini mradi wa mtaro wa milioni 60 una gharama zake za kuwaeleza watu, kibao cha mradi, vikao na wenye vibanda vitakavyohamishwa, dawati la malalamiko. Hizo zinafaa ziwe ndani ya gharama ya mradi tangu kuandikwa kwake. Kama manispaa yenu iko kwenye KUSP, ule mpango wa miji unaosaidiwa na Benki ya Dunia, kuna ruzuku ya kujenga taasisi na kuna ya miundombinu, na miradi ya Benki ya Dunia inadai mfumo wa kupokea malalamiko. Nenda kwa mhandisi mapema, kabla orodha ya gharama za ujenzi haijafungwa, mwambie nipe mstari. Wengi hawakatai, hawajawahi tu kuombwa.

Mbele ya bodi ongea dakika kumi, na ukurasa mmoja. Mbele ya kamati ya bunge la kaunti peleka jedwali la wadi kwa wadi, vikao vingapi, tarehe gani, wapi, na mwaka jana walikuja watu wangapi na walisema nini na kati ya waliyosema ni lipi limeingia kwenye bajeti. MCA akiona soko la wadi yake limetajwa na maoni ya watu wake yameandikwa, yeye mwenyewe atakutetea. Usimwahidi picha yake kwenye bango. Akitaka apewe nafasi ya kufungua kikao, sawa, hiyo ni haki yake kama mwakilishi, ila karatasi ya huduma ibaki ya huduma. Na uwe mwangalifu sana na kitengo cha habari cha gavana, watakuja kuomba mgao wako kulipia shughuli zao. Ofisi ya meneja ni ya kueleza huduma za manispaa, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akija atauliza kila risiti ilihusu kazi gani iliyo kwenye mpango.

Sasa kamera na skrini, manake najua ndiyo inayokunyima usingizi, huwezi kumwambia meneja hapana hivi hivi. Zote mbili ni vifaa, zinaingia kwenye ununuzi wa mali chini ya 3110000 na hazipaswi kugusa pesa za vikao hata kidogo. Kamera mimi naiunga mkono, lakini ya kawaida, na ukitaka kujua kama mnaihitaji angalia simu nzuri iliyopo ofisini inashindwa na kazi gani. Skrini ya nje hapana, si mwaka huu. Ukiichukua usihesabu bei ya kununua tu, hesabu stima kila mwezi, bima, ulinzi wa usiku, fundi, mtu wa kubadilisha matangazo kila wiki, na idhini ya mahali inaposimama, kisha uzidishe kwa miaka mitano. Mwandikie meneja karatasi ya nusu ukurasa yenye safu mbili, upande mmoja skrini kwa miaka mitano, upande wa pili vikao, SMS, redio na karatasi za robo mwaka kwa miaka hiyo hiyo mitano, ambavyo kwa hesabu yetu ya mfano ni 7,760,000, na chini ya kila upande uandike unafikia wadi ngapi na unatimiza sheria ipi. Mpe asome mwenyewe kabla ya kikao cha bodi, mkiwa wawili, si mbele ya watu. Akisoma na bado anaitaka, iandike kama ombi la maendeleo linalosubiri pesa, kwenye mstari wake peke yake, ili ikikatwa ikatwe yenyewe.